Mfupa wa Paja Ukivunjika: Saa za Kuharakisha na Saa za Kusubiri

Wahenga walituachia methali mbili zinazoonekana kupingana. Moja inasema haraka haraka haina baraka. Nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Familia iliyosimama nje ya chumba cha dharura mjini Moshi, ndugu yao akiwa amevunjika mfupa wa paja, huzihitaji zote mbili, na shida yake ni kujua ipi ifuatwe saa ipi. Sehemu hii ya kijitabu imeandikwa kwa ajili ya familia hiyo. Tunakusudia kueleza kwa nini mfupa wa paja hauwezi kungojewa kama kidole kilichovunjika, kwa nini wakati mwingine daktari mwangalifu huahirisha upasuaji kwa makusudi, na jinsi mtumiaji wa huduma anavyoweza kutofautisha kungoja kunakomfaa mgonjwa na kungoja kunakotokana na fedha, makaratasi au uzembe.

Hatari mbili za saa za mwanzo

Katika miteremko ya Kilimanjaro mfupa huu huvunjika kwa njia tunazozifahamu sote. Bodaboda hugongana na gari katika barabara ya Himo, au huserereka kwenye tope la masika katika njia za Uru na Kibosho. Kijana aliyepanda mti kukata matawi ya malisho ya ng'ombe, au kuchuma maparachichi, huanguka. Mpagazi huteleza mlimani akiwa na mzigo. Mfupa wa paja ndio mrefu na wenye nguvu kuliko mifupa yote ya mwili, hivyo nguvu iliyoweza kuuvunja kwa kijana mwenye afya ni kubwa, na haikosi kutiliwa shaka kuwa imeumiza pia kifua, tumbo au kichwa.

Hatari ya kwanza ni damu. Mtu mzima ana damu ipatayo lita 5. Paja lililovunjika linaweza kumeza lita moja hadi moja na nusu ndani ya misuli bila tone hata moja kuonekana nje. Ndiyo maana mgonjwa aliyefika akiongea vizuri anaweza kupauka, kutokwa na jasho la baridi na kulegea baada ya muda mfupi.

Hatari ya pili haifahamiki sana, nayo ndiyo kiini cha maelezo haya. Ndani ya mfupa mna uboho, ule ule tunaoufyonza katika mfupa wa supu. Kwa mtu mzima, sehemu kubwa ya uboho wa paja ni mafuta. Mfupa ukivunjika, chembe za mafuta husukumwa kuingia katika mishipa midogo iliyochanika, hufuata damu hadi moyoni, na kutoka huko huingia kwenye mapafu. Chembe hizo hupatikana katika damu ya karibu kila aliyevunjika paja, na wengi hawadhuriki. Kwa wachache, takriban mtu 1 hadi 3 kati ya 100 waliovunjika mfupa mrefu mmoja, na zaidi ya hapo kwa waliovunjika mapaja yote mawili, mafuta huziba mishipa midogo na kuchokoza mapafu hadi yakavimba. Chembe nyingine huvuka na kufika kwenye ubongo na ngozi.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1862 daktari Mjerumani Friedrich Albert Zenker aliyaona mafuta hayo katika mapafu ya mfanyakazi wa reli aliyefariki baada ya kupondwa. Mwaka 1873 mwenzake, Ernst von Bergmann, aliutambua ugonjwa huo kwa mgonjwa aliyekuwa bado hai, mtu aliyeanguka kutoka juu ya paa na kuvunjika paja.

Dalili tatu ambazo ndugu anaweza kuziona

Madhara ya mafuta kwa kawaida hujitokeza kati ya saa 24 na saa 72 baada ya ajali. Kabla ya hapo mgonjwa anaweza kuonekana ametulia, na utulivu huo hudanganya. Dalili kuu ni tatu.

Ya kwanza ni pumzi. Mgonjwa hupumua haraka haraka, hushindwa kumaliza sentensi bila kutweta, na kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hushuka. Namba ikiwa chini ya 94, mwite muuguzi. Ikiwa chini ya 90, hiyo ni dharura.

Ya pili ni akili. Mgonjwa hutapatapa, huongea yasiyoeleweka, husahau mahali alipo, au husinzia kupita kiasi. Hapa ndugu ana nafasi ambayo muuguzi hana, kwa sababu anajua jinsi mgonjwa huyo anavyoongea siku zote. Tunasisitiza jambo hili kwa kuwa hali hiyo husingiziwa pombe, maumivu, dawa za usingizi au mapepo, na saa za thamani hupotea.

Ya tatu ni vidoa vidogo vyekundu vinavyotokea kifuani, shingoni na kwenye makwapa. Katika ngozi nyeusi vidoa hivyo huonekana kwa shida. Ni vyema kutazama upande wa ndani wa kope za chini na ndani ya mdomo. Kutokuwepo kwa vidoa si uthibitisho kwamba mgonjwa yuko salama.

Hakuna dawa ya kuyeyusha mafuta hayo. Tiba ni oksijeni, maji ya mishipani kwa kipimo, uangalizi wa karibu na, inapolazimu, mashine ya kusaidia kupumua. Wengi wanaopata oksijeni mapema hupona. Kwa hiyo kinga ndiyo muhimu zaidi, na kinga iliyo kubwa ni kuutuliza mfupa mapema.

Kwa nini madaktari wanataja saa 24

Zamani madaktari wengi waliamini kwamba aliyevunjika paja ni dhaifu mno kufanyiwa upasuaji. Alilazwa kitandani huku mguu ukivutwa kwa uzito kwa wiki nyingi. Uzoefu ulionesha tatizo la njia hiyo. Kila ncha za mfupa zinaposogea, mafuta mengine huingia kwenye damu. Na mgonjwa aliyelala chali kwa wiki nyingi hupata homa ya mapafu, damu kuganda mishipani na vidonda vya mgongo.

Mwaka 1989 madaktari wa Dallas, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 178 waliovunjika paja. Baadhi walifungwa mfupa ndani ya saa 24 na wengine baada ya saa 48. Miongoni mwa waliokuwa na majeraha mengi, waliocheleweshwa walipata matatizo mengi zaidi ya mapafu na walikaa hospitali muda mrefu zaidi. Tangu hapo, lengo linalokubalika kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulia ni kuufunga mfupa ndani ya saa 24, mara nyingi kwa chuma kirefu kinachopitishwa katikati ya mfupa. Kwa mwenye majeraha mengi ambaye damu na pumzi yake vimerudi katika hali nzuri, vituo vingi vikubwa huweka mpaka wa saa 36.

Kusubiri kwenye maana

Hata hivyo, upasuaji wenyewe nao husukuma mafuta. Chuma kinapopitishwa katika uwazi wa mfupa, uboho hukandamizwa, na sehemu yake huingia katika damu. Mapafu yenye afya hulistahimili hilo. Mapafu yaliyokwisha kuumia, au mwili uliopoteza damu nyingi, huenda yasilistahimili.

Kwa sababu hiyo daktari anaweza kuahirisha upasuaji mkubwa kwa mgonjwa ambaye shinikizo la damu halijapanda, mwili wake umepoa, damu yake haigandi vizuri, kifua kimepondwa, kichwa kimeumia vibaya, au ambaye tayari ana dalili za mafuta mapafuni. Katika hali hiyo mfupa hauachwi ukicheza. Hufungwa kwa muda kwa chuma cha nje, ambacho watu wengi hukiita antena, katika upasuaji mfupi; au mguu huvutwa kwa uzito hadi mwili upate nguvu. Chuma cha ndani huwekwa siku kadhaa baadaye, mara nyingi baada ya siku ya 5.

Familia ikiambiwa hivyo, isidhani imetelekezwa. Kusubiri kwa namna hii kuna alama tatu: kuna sababu inayotajwa katika mwili wa mgonjwa, kuna jambo linalofanywa sasa hivi ili kuirekebisha, na kuna saa ya kupima tena.

Kusubiri kusiko na maana

Kusubiri kwingine hakuna hata alama moja kati ya hizo. Mgonjwa amelala, damu yake ni nzuri, pumzi ni nzuri, lakini siku zinapita kwa sababu amana haijalipwa, barua ya rufaa haijaandikwa, chuma hakijapatikana, damu ya akiba haijachangwa, au hakuna aliyeuliza. Katika kusubiri huku mtumiaji wa huduma ana haki ya kuuliza, na ana kazi ya kufanya.

Kuhusu vifaa, ni vizuri kufahamu kwamba ukosefu wa mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji si kizuizi kila mahali. Shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, lilibuni chuma cha paja kinachoweza kuwekwa bila mashine hiyo, na chuma hicho kimetumika kwa miaka mingi nchini, ikiwemo katika Taasisi ya Mifupa ya MOI iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam. Ukiambiwa kwamba vifaa hakuna, uliza ni kifaa gani, na ni hospitali ipi ya karibu inayo.

Kabla ya kufika hospitali

Mahali alipoanguka mgonjwa ndipo tiba inapoanzia. Mlaze, usimsimamishe. Weka kitu laini katikati ya miguu, kisha ufunge mguu uliovunjika pamoja na ule mzima kwa khanga au vitenge, ukiongeza mti mrefu ulionyooka upande wa nje, kutoka kwapani hadi kwenye nyayo. Vifundo visikaze hadi vidole vikapoa. Jeraha lililo wazi lifunikwe kwa kitambaa safi, na mfupa uliotokeza usirudishwe ndani kwa mkono.

Asipakizwe kwenye bodaboda. Ni afadhali kumbeba kwa machela hadi barabarani na kungoja gari ambamo anaweza kulala, kuliko kumkalisha katikati ya watu wawili huku mfupa ukisagana kila penye shimo. Aliyeumia juu mlimani ateremshwe mapema iwezekanavyo baada ya mguu kufungwa. Katika mwinuko wa mita 3,700, ulipo ukanda wa vibanda vya Horombo, mtu hupata takriban theluthi mbili tu ya oksijeni inayopatikana pwani, na mapafu yanayotishiwa na mafuta hayana akiba ya kupoteza.

Tunajua kwamba familia nyingi humfikiria kwanza mtaalamu wa jadi wa kuunga mifupa. Hatuwavunjii heshima wazee hao. Lakini paja si mkono. Kulivuta na kulikanda paja lililovunjika huongeza kutoka kwa damu na kusukuma mafuta, na siku mbili za kujaribu ndizo zile zile ambazo upasuaji ungefaa zaidi. Ombi letu ni moja: paja lianzie hospitali.

Miteremkoni ziko hospitali za Machame, Kibosho, Kilema, Marangu na Huruma huko Rombo. Mjini Moshi ziko Mawenzi, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayopokea rufaa za Kanda ya Kaskazini. Kupitia hospitali iliyo karibu si kupoteza muda, endapo hapo mgonjwa atapewa dawa ya maumivu, maji ya mishipani, oksijeni na gango la mguu, na kama mfupa umetoka nje, antibiotiki na kinga ya pepopunda bila kuchelewa. Kinachopoteza muda ni kulala hapo usiku mzima bila mpango. Uliza mapema: "Daktari, paja hutengenezwa hapa? Kama sivyo, tunaondoka saa ngapi, na hospitali tunayokwenda imekwisha kupigiwa simu?"

Chakula, damu na fomu

Kwa upendo, ndugu wa Kilimanjaro huja wodini na mtori. Tunashauri chupa hiyo isifunguliwe hadi muuguzi aruhusu. Kwa kawaida mgonjwa hapaswi kula chakula kwa saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na mtori ni chakula. Maji meupe huruhusiwa hadi saa 2 kabla, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Bakuli moja la mtori linaweza kuahirisha upasuaji hadi kesho. Kwa upande mwingine, upasuaji ukiahirishwa, uliza papo hapo kama mgonjwa aruhusiwe kula, asije akashinda na njaa siku mbili mfululizo kwa ajili ya upasuaji usiofanyika.

Ndugu wenye afya wajitokeze kuchangia damu siku ile ile, bila kungoja kuombwa. Damu haiuzwi. Yeyote anayedai fedha kwa ajili ya chupa ya damu aripotiwe kwa uongozi wa hospitali.

Ajali ya barabarani huhitaji Fomu ya Polisi Namba 3, inayofahamika kama PF3. Fomu hiyo ni muhimu kwa ushahidi na kwa madai ya bima, nayo ishughulikiwe na ndugu mmoja wakati mgonjwa anaendelea kuhudumiwa. Andikeni namba ya usajili wa chombo kilichohusika na jina la kampuni yake ya bima, kwa kuwa sheria inavitaka vyombo vya moto kuwa na bima ya kulinda watu wengine, na madai hayo hayawezekani bila kumbukumbu.

Kuhusu gharama, omba makadirio kwa maandishi yanayotenganisha chuma, upasuaji, kitanda na dawa. Onesha kadi ya bima tangu mapokezi, na uliza kama chuma kimo katika huduma zinazolipiwa. Lipa kwa njia rasmi za hospitali pekee, na utunze kila stakabadhi. Asiye na uwezo amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali siku ya kwanza, si siku ya tano. Aibu ya kuomba ni ya muda. Mapafu yaliyoharibika kwa kungoja hayaoni aibu.

Maswali ya kumuuliza daktari

Chagueni ndugu mmoja awe msemaji, ili daktari asijibu swali moja mara kumi. Msemaji huyo, kwa heshima, aulize na aandike majibu pamoja na saa:

1. Ukiacha paja, ni sehemu gani nyingine imeumia, na kifua kimepimwa?
2. Upasuaji umepangwa lini? Kama ni zaidi ya saa 24 tangu ajali, sababu iko katika mwili wa mgonjwa au nje yake?
3. Kama iko katika mwili, ni nini kinachofanyika sasa, na atapimwa tena saa ngapi?
4. Kama iko nje, yaani vifaa, damu, malipo au nafasi, sisi tufanye nini leo, na je, rufaa ingekuwa ya haraka zaidi?
5. Wakati tunangoja, mfupa umetulizwa kwa njia gani?
6. Oksijeni inapimwa mara ngapi, hasa usiku, kwa siku tatu za mwanzo?

Mgonjwa mwenye fahamu ndiye anayetoa ridhaa ya upasuaji, baada ya kuelezwa faida, hatari na njia mbadala kwa lugha anayoielewa. Akiruhusiwa kwenda nyumbani, asiondoke bila maelezo ya maandishi ya aina ya chuma alichowekewa na tarehe ya kurudi.

Neno kuhusu wazee

Bibi au babu aliyeanguka bafuni mara nyingi huvunjika sehemu ya juu ya paja, karibu na nyonga. Kwake hatari kubwa zaidi ni kulala kitandani, kunakoleta homa ya mapafu, vidonda na damu kuganda. Naye pia hufaidika na upasuaji wa mapema, kwa kawaida ndani ya saa 36 hadi 48, mara tu moyo, sukari na shinikizo la damu vinapokuwa katika hali inayokubalika. Kusema "ni mzee, tumwache apumzike" ni kumwongezea mateso.

Turejee kwenye methali zetu mbili. Mwili wa mgonjwa ukiwa bado haujawa tayari, haraka haina baraka, na familia imwache daktari aujenge kwanza mwili huo. Mwili ukiwa tayari na kilichobaki ni karatasi au fedha, ngoja ngoja itaumiza, na itaumiza zaidi ya matumbo. Katika hali zote mbili, kwa saa 72 za mwanzo, pawepo mtu mmoja kando ya kitanda anayetazama pumzi, anayesikiliza maneno, na asiyeona haya kumwita muuguzi usiku wa manane.